Kumnunua Tembo wa Tabora Ukiwa Kihoto

Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimewafungia njia ya baharini, Wajerumani waligonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja una tai, upande wa pili tembo mbele ya mlima. Ina uzito wa gramu 7.2 hivi, robo tatu yake dhahabu, na zilitoka takriban 16,000 tu. Mkusanyaji wa Kihoto, pale Naivasha, akiitaka, atainunua kwa simu, kwa mtu asiyemwona.

Karakana ya reli si kiwanda cha sarafu. Chapa nyingine ziliingia sawasawa, nyingine hafifu, hivyo mgongo wa tembo uliofifia huenda haukuchakaa mfukoni: huenda ulizaliwa hivyo. Jicho la kawaida halitofautishi, na mghushi hutumia mwanya huo. Ndiyo maana sarafu hii inastahili kununuliwa ikiwa imepimwa na kufungwa kwenye kasha. Ndururu, ile senti tano ya zamani yenye tundu, haistahili, kwa kuwa ada ya kuipima inaizidi bei. Hiyo ishike mkononi, ukiridhika ulipe.

Wapimaji wanaoaminika zaidi ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC ya 1987, zote za Marekani. Hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichotokana na kazi ya William Sheldon ya 1949. Kuanzia 60, sarafu haikuwahi kuzunguka sokoni. Soma lebo yote. Ukikuta neno «Details» mahali pa nambari ya daraja, sarafu ni halisi lakini ina kasoro, mara nyingi kwa sababu mtu aliisugua. Sarafu iliyong'arishwa kwa majivu au ndimu hairudi ilivyokuwa.

Hata kasha lenyewe hughushiwa. Mlaghai huchukua nambari halali ya cheti na kuichapa kwenye kasha lake, kwa hiyo nambari kukubaliwa mtandaoni hakutoshi. NGC huonyesha picha za sarafu nyingi ilizopima: tafuta mkwaruzo au doa, kisha ulitafute kwenye picha ya muuzaji. Anayetuma picha yenye ukungu, au anayetaka M-Pesa kabla ya kuonyesha nambari, achana naye, hata bei ikivutia vipi.

Kwa tembo huyu mimi ningekwenda mnadani: Künker ya Osnabrück, Ujerumani, au Heritage ya Dallas. Bei za minada iliyopita zinaonekana, na mnada wenye jina una mengi ya kupoteza ukiuza bandia. Ila piga hesabu kabla ya kupandisha dau. Ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 20, dau la shilingi 400,000 ni deni la 480,000, na hapo hujagusa usafirishaji, bima wala kodi za forodha.

Uliza pia watakuletea wapi. Wasafirishaji wa vitu vya thamani hutaka jengo na mtu wa kutia sahihi. Sanduku la posta halitoshi. Na kama nyumba yako iko upande wa Ziwa Naivasha, ambako maji yaliingia majumbani 2020 na tena 2025, usiiweke sarafu humo: kasha halizuii maji. Tafuta sanduku la amana benki kabla sarafu haijaondoka mnadani.