Ratiba ya Usiku Katika Wodi ya Watoto Muheza

Kuanzia 2009 hadi Januari 2011, Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa kituo pekee cha Tanzania katika utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Vituo vingine vilikuwa Kilifi yenyewe, nchini Kenya, na hospitali nne za Uganda. Watafiti waliuliza hivi: mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, aongezewe dripu kwa kasi kama vitabu vilivyoagiza, au apewe dripu ya kiwango cha kawaida tu? Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa kasi, 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na 7.3 ya wasioharakishiwa. Dripu ya kasi ilikuwa inaua. Utafiti ukasimamishwa.

Hayo yameandikwa sana. Mimi nakwama kwenye ile 7.3. Hata watafiti wenyewe hawakuitabiri: wakati utafiti ukiendelea, vifo vilionekana kuwa vichache kuliko makadirio, ikabidi idadi ya watoto waliohitajika iongezwe. Na watoto hawa walitibiwa katika wodi za kawaida, si katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kilichokuwepo kilikuwa cha kawaida mno. Wauguzi na matabibu walifundishwa kuchambua watoto tangu mapokezini: anapumua vipi, mikono na miguu ni ya baridi, ukiminya ukucha damu inarudi kwa sekunde ngapi, ana degedege, anaitika ukimwita? Mwenye dalili ya hatari hangoji kadi wala zamu yake ya foleni. Wingi wa damu ulipimwa pale pale kitandani. Kisha kila mtoto alikaguliwa upya saa ya 1, ya 4, ya 8, ya 24 na ya 48, na majibu yakaandikwa.

Linganisha na hali iliyotangulia. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, ni asilimia 46.1 tu waliokutwa na vimelea. Wasio na vimelea walikufa zaidi, asilimia 12.1 dhidi ya 6.9. Mtu akishaandikiwa malaria, ni rahisi asiangaliwe tena kwa macho mapya. Ule ukaguzi wa saa ya 4 unaziba pengo hilo hilo.

Hapa ndipo naona uongozi, na nauona mbali na ofisi ya mganga mkuu. Mtoto akiletwa saa tatu usiku, ukaguzi wa saa ya 8 unaangukia saa kumi na moja alfajiri, wodi ina muuguzi mmoja na vitanda vyenye watoto wawili wawili. Utafiti ulikuwa na watu wa kuhakikisha fomu inajazwa. Hospitali ya kawaida inamtegemea muuguzi kiongozi wa wodi: apange zamu kwa kuangalia usiku badala ya urahisi wa mchana, na kila asubuhi aulize kwenye ripoti ni mtoto gani hakukaguliwa na kwa nini. Daktari mfawidhi asipokaa kwenye ripoti hiyo, fomu hubaki karatasi.

Ukaguzi huo unahitaji pia vipimo vya sukari na wingi wa damu, navyo vinataka fedha ndogo lakini za kila mwezi. Zamani kituo kiliomba wilayani na kungoja. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ina sauti juu ya matumizi. Kwa hiyo mganga mfawidhi wa kituo cha afya wilayani Mkinga au Pangani anaweza leo kuweka vibanzi vya kupimia sukari kwenye mpango wake, pamoja na saa ya ukutani mapokezini, kabla ya masika kuanza na watoto wenye homa kuongezeka.