Kabla ya Mashine Kuwashwa

Kijiti kinaingia puani taratibu, sambamba na kaakaa, wala hakielekezwi juu kama wengi wanavyodhani. Kikifika nyuma kabisa, muuguzi anatulia sekunde chache ili pamba inyonye, anakizungusha, ndipo anakitoa. Mtoto analia, muuguzi hababaiki. Anakivunjia ndani ya kichupa, anaandika namba, anakilaza kwenye kasha la barafu. Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza, imekuwa miongoni mwa vituo vya ufuatiliaji wa mafua ulioanza nchini mwaka 2008, na sampuli husafirishwa hadi maabara ya taifa, Dar es Salaam. Joto la kasha linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Urithi wa kirusi cha mafua ni RNA, uzi dhaifu mno: vimeng'enya vilivyo kwenye ngozi ya kidole vinatosha kuukatakata. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara anabadilisha glavu bila uchoyo. Ndani ya kabati la usalama anatia kimiminika cha kupasua kirusi, RNA inanasa kwenye kichujio cha silika, anaiosha kwa alkoholi, kisha anakausha. Hapo ndipo wenye haraka hukwama, maana alkoholi ikibaki huharibu kipimo.

Vitendanishi huchanganywa chumba kingine, juu ya barafu. Mbele ya mtaalamu ipo sahani ya visima 96. Kila kisima kinapata maikrolita 5 za sampuli, kiasi kidogo mno, na kila mara ncha mpya ya pipeti. Ncha inagusa ukuta wa kisima, kidole gumba kinashuka polepole, povu halitokei. Nilitazama kidole hicho kuliko mashine yenyewe.

Mashine hugeuza RNA kuwa DNA kwenye nyuzi 50, kisha hupanda 95 na kushuka 55, mizunguko 45. Kila mzunguko unakaribia kuongeza nakala maradufu. Ukifika wa 30, nakala moja imeshazaa takriban bilioni.

Kwenye skrini kila kisima kina mstari wake, unaopanda nakala zikiongezeka. Mtaalamu haanzi na mgonjwa. Anaanza na kisima cha maji matupu: mstari wake usipande. Kisha anatafuta jeni ya binadamu. Isipoonekana, huenda kijiti hakikufika kilipotakiwa kule Mwanza. Na mstari wa kirusi ukichelewa kuchomoza hadi mzunguko wa 38, jibu lina shaka, haandiki chochote. Anarudi kwenye friji, anatoa kichupa kilekile, anavaa glavu mpya.