Sauti Inayofika Kiti cha Mwisho

Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, ambalo Wanairobi wengi hulijua kama National Theatre, lilifunguliwa mwaka 1952. Ni mwaka uleule Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba, na malori ya askari yakaanza kuzoa watu mitaani. Aliyepewa heshima ya kulizindua ni Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Kwenye karatasi lilikuwa jumba la watu wa rangi zote. Kwa miaka mingi lilikuwa jumba la walowezi waliotamani jioni moja ya London bila kupanda meli.

Kesi hiyo imekwisha kusemwa na walioijua kuniliko, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mbele yao, na sina haja ya kuifungua upya. Ninachotaka kusifu ni ufundi. Kulijenga jumba ni kazi ya mkandarasi, naye akishalipwa huenda zake. Kulifanya letu ni kazi ya pumzi, miguu na macho ya waigizaji, na kazi hiyo huanza upya kila pazia linapofunguliwa.

Jukwaa lenyewe ni la mtindo wa Kizungu: sanduku lililo wazi upande mmoja, watazamaji wameketi gizani kwa safu, kimya. Mwigizaji aliyekulia kwenye ngoma za duara, ambako mtazamaji ni mchezaji anayepumzika tu, lazima alione la ajabu. Akigeuka kumkabili mwenzake anayezungumza naye, kama adabu inavyotaka, nusu ya maneno yake humezwa na mapazia ya pembeni. Kwa hiyo hujifunza kusimama mshazari, bega kwa mwenzake na kifua kwa ukumbi. Hujifunza kuisukuma sauti kutoka tumboni, koo likiwa limelegea, ili hata mnong'ono umfikie aliyeketi safu ya nyuma kabisa. Kiswahili humsaidia, maana karibu kila silabi yake huishia kwenye irabu na mdomo hauna budi kufunguka. Lakini humtegea pia. Mkazo ukishapita, mwigizaji mchovu huiacha irabu ya mwisho ife mdomoni, na mara nyingi ni irabu hiyo inayotenganisha ombi na taarifa. Nimeketi nyuma mara nyingi nikisikiliza tamthilia nzuri isiyo na miisho.

Oktoba 1976 ufundi huo ulipata mtihani wake mkubwa. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka uliofuata, na tamthilia mbili zilichaguliwa: ile ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na ile ya Francis Imbuga kuhusu usaliti mjini. Kupata tarehe katika jumba lenye jina la taifa kukawa vita. Mwishowe zilibanwa katika siku chache, kati ya baleti kutoka Ufaransa na mchezo wa vichekesho na nyimbo kutoka Broadway. Anayejua jukwaa anajua maana ya siku chache: taa hazijazoeleka, mlango wa kutokea uko upande usioutarajia, na hakuna usiku wa kukosea.

Watu walijaa. Seth Adagala ndiye aliyeongoza mchezo wa Kimathi, na mwisho wake ulikuwa wimbo. Ngũgĩ ameandika jinsi watazamaji walivyoungana na waigizaji, wakaimba na kucheza hadi nje, kuelekea Hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara, na jinsi polisi walivyohakikisha jambo hilo halirudiwi. Hiyo ndiyo Norfolk ambayo kwenye baraza yake, tarehe 16 Machi 1922, walowezi walijiunga na polisi kuwafyatulia risasi waliokuja kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiwe. Barabara yenyewe sasa ina jina la Thuku. Wengi husimulia usiku huo wa mchezo wa Kimathi kana kwamba hisia zilifurika zenyewe. Siamini. Wimbo wa mwisho huwekwa mahali pake, mdundo hupandishwa hatua kwa hatua, na kuna mwigizaji ambaye lazima ajue ni ubeti gani wa kumtazama mtu wa safu ya kwanza usoni. Akiwahi, watu huona aibu; akichelewa, wameshaanza kutafuta makoti yao.

Mwaka 1982 kundi la maigizo la Kamĩrĩthũ, alilofanya kazi nalo Ngũgĩ, lilinyimwa jukwaa hilo, na kiwanja chake cha maonyesho kule Limuru kikabomolewa. Mwandishi Wahome Mutahi baadaye alipeleka michezo yake ya Kikuyu kwenye mabaa, ambako mwigizaji hushindana na chupa na mhudumu. Jumba lilikarabatiwa na kufunguliwa tena 2015. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda, mchezo uliomtia Ngũgĩ kizuizini mwishoni mwa 1977, ulichezwa humo kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, mwongozaji akiwa Stuart Nash, mzaliwa wa Uingereza. Historia nayo ina vichekesho vyake.

Lakini nikiulizwa ufundi wa Nairobi umelelewa wapi, sitataja usiku hata mmoja kati ya hizo za fahari. Nitataja asubuhi za setibuku, maonyesho ya tamthilia zinazotahiniwa shuleni. Wakosoaji huzidharau, husema ni biashara ya kuwapitisha watoto mtihani. Ni biashara kweli. Mabasi ya shule huteremsha mamia ya vijana wenye sare, kila mmoja ameisoma tamthilia na wengine wameikariri. Mwigizaji akiruka mstari, ukumbi mzima humkumbusha kwa sauti.

Chukua Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa. Ashua anaingia ofisini mwa mtawala Majoka kuomba msaada, na Majoka anaanza kumtongoza. Vijana wa miaka kumi na saba hawawezi kunyamaza hapo. Ukumbi hulipuka. Mwigizaji asiye na ujuzi hupiga kelele juu ya kicheko, na maneno yake hupotea. Mwingine husubiri kiishe kabisa, na mchezo hupoa kama chai iliyosahauliwa. Fundi hukisikiliza kicheko kikipanda, hukiacha kifike kileleni, na kinapoanza tu kushuka hutia mstari unaofuata. Hapo vijana hujinyamazisha wenyewe ili wasikose. Na kabla Husda, mke wa Majoka, hajaingia na kuzua vurugu, Majoka anatakiwa awe amewatisha kidogo, kwa sababu kiongozi anayechekesha tu si kigogo. Hakuna darasa linalofundisha hilo vizuri kuliko mamia ya mashahidi wasio na huruma.

Onyesho likiisha saa sita, walimu huhesabu wanafunzi wao mlangoni. Nyuma ya jukwaa yule aliyekuwa Majoka anapanga viti vya ofisi yake mwenyewe, kwa kuwa kundi halina fedha za kumlipa mwingine, na saa nane shule nyingine itakuwa imeketi.