Pongezi kwa Wapima Mpaka wa Migingo

Mwaka 2009 mzozo wa kisiwa cha Migingo katika Ziwa Victoria ulipopamba moto, Kenya na Uganda hazikuingia vitani. Zilituma wapima ardhi. Hongereni sana! Kisiwa chenyewe ni jabali dogo ng'ambo ya Muhuru Bay, Migori, limejaa vibanda vya mabati hadi ukingoni. Utajiri uko majini: samaki aina ya mbuta. Katika upimaji, mlirudi kwenye maelezo ya mpaka ya 1926, yanayofuata visiwa kimoja baada ya kingine. Mwaka huohuo wa 2009 Rais Museveni wa Uganda alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, ingawa maji aliendelea kuyadai. Wavuvi wetu wa Migori na Homa Bay wangali wakisumbuliwa ziwani, na hilo linaniuma. Lakini mlichukua vipimo badala ya bunduki, nami nawashukuru kwa dhati.