Mkono wa Maiti Katika Ardhi ya Uingereza

Katika Uingereza ya karne ya 13, alipofariki mwenye shamba, bwana aliyempa ardhi alikuwa na haki zake: mrithi alimlipa ada kabla ya kuingia katika milki ya baba yake, mrithi mdogo aliwekwa chini ya ulezi wake pamoja na mapato ya shamba, na palipokosekana mrithi ardhi ilimrudia. Lakini shamba likitolewa sadaka kwa nyumba ya watawa, ambayo haifi wala haiachi yatima, haki hizo zilikatika daima. Ndipo milki ya namna hiyo ikaitwa mkono wa maiti, kwa kuwa ulichokishika haukukiachia.

Sheria ya Mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1279 ilikataza jambo hilo kwa maarifa makubwa: bwana wa karibu alipewa mwaka mmoja kuitwaa ardhi iliyotolewa, akizembea haki ikampandia bwana wa juu yake kwa nusu mwaka, hivyo hivyo hadi kumfikia mfalme, ili tamaa ya kila mmoja iwe mlinzi wa sheria.

Watawa hawakukosa hila. Walimshtaki mtoaji wakidai kuwa shamba ni lao tangu zamani, naye kwa mapatano ya siri asihudhurie mahakamani, na kilichokatazwa kwa sadaka kikapatikana kwa hukumu. Mwaka 1285 ikaamriwa dai lichunguzwe kwa viapo hata mshtakiwa asipofika. Hila ikahamia kwa wadhamini, walioshika ardhi kwa jina lao huku watawa wakila mapato. Mlango huo ukafungwa mwaka 1391.

Mlango wa idhini, hata hivyo, mfalme aliuacha wazi: hasara yake ilichunguzwa, malipo yakatolewa, hati ikaandikwa. Naam, katazo likageuka chemchemi ya hazina.

Katika sheria zote za mkono wa maiti, ile ya 1736 ndiyo iliyokuwa kali kupita kiasi. Kwa kuwahofia warithi wasinyimwe haki na mzee aliye mahututi, ilibatilisha wosia wa ardhi kwa sadaka, ikataka hati mbele ya mashahidi wawili, miezi 12 kabla ya kifo, na usajili ndani ya miezi 6. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilisamehewa. Hospitali ya maskini haikusamehewa, na hiyo ilikuwa dhuluma. Wosia ukaruhusiwa tena mwaka 1891, kwa sharti ardhi iuzwe, na masalio ya sheria hizo yakafutwa mwaka 1960.