Kupima Karani: Kichwa au Penseli?

Mkulima wa Karurumo analeta makadamia kilo 37 kwenye kituo cha ununuzi. Tuseme bei ni shilingi 95 kwa kilo. Karani mzoefu atazidisha 37 kwa mia apate 3,700, kisha aondoe tano kwa kila kilo, yaani 185, na alipe 3,515 kabla gunia halijashushwa kutoka kwenye mizani. Mwombaji kazi anayefanya mtihani ofisini huanzia upande wa pili: saba mara tano, thelathini na tano, andika tano, weka tatu kando. Jibu ni lilelile, lakini njia hizi hazikosei sawa, na hapo ndipo waajiri wengi hupotea.

Jaribio linalotufaa lilifanyika Recife, Brazili, likachapishwa mwaka 1985. Terezinha Carraher na watafiti wenzake walijifanya wateja wa watoto watano wachuuzi, wakawauliza bei na chenji. Asilimia 98.2 ya majibu yalikuwa sahihi. Baadaye watoto walipewa penseli na karatasi: hesabu zilizosimuliwa kama mafumbo, asilimia 73.7, tarakimu tupu, asilimia 36.8. Mmoja aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja kruzeiro 35. Alijua tatu ni 105, akaongeza 30, kisha tano: 140. Kwenye karatasi, 35 mara 4, aliandika 200. Aliijumlisha mbili iliyowekwa kando na tatu kwanza, ndipo akazidisha. Mbele ya mteja asingethubutu kutaja bei hiyo.

Penseli huanza na tarakimu ndogo, hivyo ukubwa wa jibu hauonekani hadi mwisho. Kichwa huanza na mamia; kikiteleza, mara nyingi hupoteza shilingi chache. Lakini kichwa nacho kina kikomo: mwaka 1978 mtafiti Graham Hitch alionyesha kwamba tarakimu zinazosubiri kutumika ndizo husahaulika. Ongeza makato ya mkopo na punguzo la kokwa mbovu, na hata karani hodari atahitaji karatasi, ambayo pia humwezesha mkaguzi kuona kosa lilipoingilia.

Kwa hiyo mtihani wa kichwa pekee, tena mbele ya wasaili watatu waliokunja nyuso, naona hupima woga kuliko hesabu. Mwombaji apelekwe penye mizani, akadirie kwa sauti, ndipo apewe penseli akokotoe makato. Kisha mpe risiti ya kilo 37 iliyoandikwa shilingi 35,150, umwambie alipe, unyamaze.