Ukungu wa Alfajiri Unaficha Nini?

Ndugu zangu, kila majani yakianza kupukutika huku Marekani tunatumiana picha za ukungu wa alfajiri: mto, miti, weupe, basi. Nami nimo. Ila nina neno kuhusu picha hizi, nikianza na zangu mwenyewe.

Ukungu humbeba mpigapicha mvivu. Unafuta nguzo za umeme, magari na mapaa, halafu tunasema tumepiga picha ya maumbile. Jamani, maumbile gani hayo?

Wa kutufundisha ni Clarence H. White. Hadi 1906 aliishi Newark, Ohio, mashariki ya Columbus. Alikuwa mtunza hesabu wa duka la jumla la vyakula, hivyo nyingi ya picha zake alizipiga alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mwanga ule hafifu ndio aliobakiziwa na ajira. Katika "Morning" ya 1905, mwanamke ameshika tufe la kioo huku mandhari nyuma yake imefifia. Mengi yameondoka, lakini mtu amebaki, na ndiye anayeibeba picha.

Mwaka 1910 huko Buffalo, Alfred Stieglitz aliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa katika jumba la sanaa la Albright, ambalo leo ni Buffalo AKG Art Museum. Kazi za White zilikuwamo. Picha za kamera zikapewa heshima ya michoro, na huo ni ushindi. Lakini kwa maoni yangu, ushindi huo ulituachia pia tabia mbaya: kudhani kwamba kitu kikififia tu, tayari ni sanaa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Alfajiri moja nilisimama Louisville, karibu na Big Four, daraja la reli la zamani ambalo sasa ni la waendao kwa miguu, nikaupiga Mto Ohio. Kamera ilidanganywa na weupe, ikatoa kijivu. Nikaongeza mwanga, ikapendeza. Ng'ambo, upande wa Indiana, haikuonekana kabisa, nami nikafurahi!

Baadaye ndipo nikajiuliza nimefuta nini. Hadi 1865 Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa. Indiana iliupiga marufuku katika katiba yake ya 1816. Sisi wa Pwani neno "mtoro" si geni kwetu. Kwa mtoro wa hapa, ukungu ule ungekuwa sitara, na ng'ambo ile ndiyo iliyokuwa tumaini lake, ingawa sheria ya 1850 iliruhusu akamatwe hata huko.

Sidai kila picha iwe somo la historia. Ila ukungu wa picha umfanye mtazamaji atafute kilicho nyuma yake. Wangu haukumtafutisha mtu chochote. Nilirudi siku nyingine, nikasubiri mpaka ng'ambo ikatokeza kama uzi mwembamba. Rafiki zangu wanasema ile ya kwanza ni nzuri zaidi. Huenda. Lakini niliyoitundika ukutani ni hii ya pili.

Naomba kuwasilisha.